Kiganja na Mapipa Yaliyolala

Kuna watu wanaojulikana kwa sauti, wengine kwa mwendo, wengine kwa kitambi. Huyu wetu alijulikana kwa kiganja cha mkono wa kulia, na kiwandani ndilo jina alilopewa: Kiganja. Jina la kwenye kitambulisho lilikuwepo, lakini hata dada wa ofisi ya mishahara alikuwa akitazama dari kwanza kabla ya kulikumbuka.

Alikuwa mtunza ghala la kemikali katika kiwanda cha gundi na rangi, mwaka wa kumi na tisa sasa. Ghala lenyewe lilikuwa kule nyuma, mbali na ofisi na mbali zaidi na jiko. Lilikuwa jengo refu lenye bati lililopakwa nyeupe lisinyonye jua, kuta zenye matundu ya hewa juu na chini, na sakafu ya saruji iliyoinama kidogo kuelekea mfereji, ili kikimwagika kitu kisitembee hadi mlangoni kusalimia watu. Ndani, mapipa ya buluu ya lita mia mbili yalisimama kwa safu juu ya paleti za mbao, kila safu na njia yake ya kupita mtu mmoja mwembamba au Kiganja akiwa amevuta tumbo.

Mapipa mengi yalikuwa na akrileti. Usitishwe na jina. Ni kimiminika kisicho na rangi, ukikiangalia utasema maji, ila harufu yake ni kali kama tunda lililochachia ndani ya mfuko wa plastiki. Ndicho kinachopikwa kule kwenye mitungi mikubwa kikawa gundi ya kubandikia lebo na rangi ya ukuta wa sebule yako. Kiganja alikuwa na namna yake ya kukieleza, na kila shemeji aliyewahi kukalia kochi lake ameelezwa, ametaka asitake. Alisema kitu hiki kinapenda kushikana mikono chenyewe kwa chenyewe. Chembe ikishika mwenzake, joto linatoka. Joto likitoka, nyingine zinaamka nazo zinashikana. Mwisho pipa zima linachemka kwa hasira zake, bila kiberiti cha mtu, linavimba, na likikosa pa kupumulia linapasuka. Kwa hiyo wanaokitengeneza hukitia dawa kidogo ya usingizi. Na dawa hiyo, hapo Kiganja aliinua kidole na kusubiri mpaka shemeji aweke kikombe chini, haifanyi kazi bila hewa. Ndiyo sababu pipa halijazwi hadi mdomoni: juu huachwa nafasi, dawa ivute pumzi. Ndiyo sababu pia haliwekwi juani wala karibu na chochote cha moto, na halizeekei ghalani. Lililoingia kwanza hutoka kwanza.

"Mimi ni yaya," alikuwa akimalizia. "Tofauti ni kwamba watoto wangu wakiamka, mtaa mzima unahama."

Na kwa mambo mengi alikuwa yaya kweli. Hakuna aliyefungua pipa bila miwani ya kuziba macho. Hakuna aliyemimina kabla ya kubana waya wa kupeleka umeme tuli ardhini, pipa na ndoo vyote viwili. Spana ilikuwa ya shaba, isiyotoa cheche. Maji ya kuoshea macho aliyafungulia kila Jumatatu kuona kama yanatoka, na siku moja alimtoa nje meneja mzima kwa sababu ya simu iliyokuwa mfukoni. Meneja alitoka mdogomdogo kama mwanafunzi aliyechelewa.

Lakini jambo moja, lile moja tu, alilishindwa.

Miaka mingi nyuma, akipita kwenye safu, aliweka mkono kwenye pipa akasikia lina uvuguvugu ambao wenzake hawana. Akasema, likapimwa, likakutwa kweli limeanza kuamka, likatulizwa. Kampuni ikampa cheti, kikawekewa kioo, kikatundikwa sebuleni juu ya televisheni mahali ambapo familia nyingine huweka saa. Tangu siku hiyo akawa haambiliki. Kila asubuhi saa mbili na kila alasiri saa nane alivua glavu ya kulia na kupita akigusa mapipa tumboni, moja baada ya jingine, taratibu, kama daktari wa wodi. Glavu za kazi hiyo ni za mpira mzito, nene kiasi kwamba ukizivaa hujui kama umeshika pipa au bega la jirani. Na pembeni mwa mapipa, hasa karibu na kizibo, hapakosi unyevu wa akrileti uliochuruzika. Akimaliza, alipangusa mkono kwenye suruali.

Kipimajoto alikuwa nacho. Kile cha kumulika, kama bastola, cha aina inayoruhusiwa ghalani. Kililetwa miaka mitatu kabla na kilikuwa kwenye droo ya meza yake, bado ndani ya nailoni yake ya dukani. Alisema kidude kile kinasoma ngozi ya pipa tu, yeye anasoma moyo.

Afisa usalama alikuwa mwanamke wa umri wa mpwa wake, ambaye wafanyakazi walimwita Bi Kofia kwa sababu helmeti hakuivua hata akinywa chai. Alishamwambia Kiganja kuhusu glavu mara mbili, kwa heshima, na mara zote mbili alijibiwa, "Mwanangu, ngozi hii ina miaka kumi na tisa humu ndani, inajuana nayo." Bi Kofia akacheka, akaandika kitu, akaenda zake.

Sasa ngozi ikaanza kujibu yenyewe.

Kwanza vilitoka vipele vidogo katikati ya vidole, kama vya joto. Kisha kiganja kikawa chekundu, kikawasha, kikapasuka mistari iliyouma akigusa chumvi. Kiganja alilaumu sabuni. Mkewe, fundi cherehani mwenye mashine yake barazani na tepu ya kupimia shingoni muda wote kama nishani, akabadilisha sabuni. Vipele vikabaki. Akalaumu sabuni ya pili. Ikabadilishwa. Akalaumu ya tatu, ile ya watoto wachanga yenye picha ya bata, na hapo mkewe akamtazama juu ya miwani.

Ikaja likizo ya wiki mbili. Kiganja alikaa nyumbani, akashika ncha za vitambaa vikikatwa, akala, akawasumbua majirani. Mkono ukapona ukawa laini kama wa karani. Jumatatu akarudi kazini. Jumatano jioni, wakiangalia taarifa ya habari, mkewe akamsikia anajikuna chini ya mto wa kochi.

"Baba Pacha, lete huo mkono."

Akaleta. Hakuna namna ya kumnyima fundi kitu alichokwisha kukiona.

"Likizo nzima umeoga kwa sabuni hii hii ukapona. Umerudi siku tatu umechubuka. Mimi shule sikumaliza, lakini kuhesabu siku najua."

Alijaribu kuzungumzia vumbi. Mkewe akampa mpaka Ijumaa aseme kazini kwa mdomo wake. La sivyo Jumatatu angefika mwenyewe getini na sabuni zote tatu, zikatoe ushahidi.

Jambo ambalo Kiganja hakumwambia mkewe ni kwamba alijua. Alijua tangu kipele cha kwanza. Mwanzoni mwa mwaka Bi Kofia aliwafundisha kwa picha, naye alikaa mstari wa mbele akitikisa kichwa kama aliyeandika somo lile. Akrileti ina tabia hiyo: unaweza kuishi nayo miaka na miaka, kisha siku moja mwili unaikataa, na ukishaikataa hausahau. Baada ya hapo tone dogo linatosha, kwa watu wengine hata mvuke. Mtu wa namna hiyo haachwi kwenye ghala lile, awe nani. Kwa hiyo akisema, ghala limekwenda. Mapipa, safu, kiti chenye mto alioushonewa na mkewe, jina lenyewe. Kiganja wa nini sasa, asiye na mapipa? Ndiyo maana alikuwa akitembea mkono mfukoni, akisalimia watu kwa kichwa, na tangu mwezi uliopita ameanza kugusa mapipa kwa mkono wa kushoto ili wa kulia upumzike. Wa kushoto nao ukaanza vipele.

Jumatano hiyo hiyo ulikuwa umeingia mzigo mpya, mapipa arobaini, na dereva wa foklifti aliyapanga safu ya mwisho, nyuma kabisa. Dereva huyo aliitwa Pembe, kwa ajili ya zile pembe mbili za mashine yake, na alikuwa mtu wa kujisifia nafasi: mahali pa mapipa thelathini na nane yeye anaingiza arobaini.

Alhamisi saa mbili asubuhi Kiganja alipita. Aliligusa pipa la mwisho kwenye kona, akasikia moto, akapita. Siku hizo alisikia moto kila pahali. Akigusa pipa, moto; akigusa bomba la maji, moto; alishazoea kujiambia kwamba ni mkono, si pipa.

Saa nane akapita tena. Alipofika kwenye kona akaweka kiganja, kikamchoma. Akaweka cha kushoto, kikamchoma pia. Akarudi hatua, akagusa la jirani yake. Lilichoma. Akasimama katikati ya mapipa yake ya miaka kumi na tisa, na kwa mara ya kwanza hakujua lipi limelala na lipi linajigeuza. Alisogeza shavu ajaribu nalo. Shavu likiwa limebakisha upana wa kidole kufika kwenye bati la pipa, akajiona. Mtu mzima, baba wa mapacha, anataka kulibusu pipa la kemikali ili asifungue droo.

Akaenda akafungua droo.

Nailoni aliikata kwa mkasi. Kidude kilimulika nukta nyekundu. Akavaa glavu, zote mbili safari hii, akaanza mwanzo wa safu: ishirini na nane. Ishirini na nane. Ishirini na tisa. Ishirini na nane. Safu nzima ilikuwa ikimjibu kwa utulivu, namba zikikaribiana kama watoto wa tumbo moja. Pipa la kwenye kona likasema thelathini na tisa.

Kwenye ukuta palikuwa na karatasi ambayo yeye mwenyewe aliibandika: likizidi thelathini na tano, toa taarifa, likiendelea kupanda, toa watu. Akahesabu dakika tano kwa saa ya mkononi, akamulika tena. Arobaini na moja.

Hakukimbia. Mtu akikimbia ghalani anaangusha kitu. Alitoka akibonyeza kengele ya hatari, akafungua mlango mkubwa na ule wa pembeni ikae wazi, akamwashiria Pembe aiache foklifti palepale asiiwashe. Watu wakatoka kwenda kukusanyika upande upepo unakotokea, kwenye maegesho, kila mmoja akimuuliza mwenzake. Bi Kofia alifika na kikosi cha zimamoto cha kiwanda, nao wakaanza kulimwagia pipa maji kutoka mbali, wakiwa nje ya mlango wa pembeni, hakuna kulisogelea, hakuna kulifungua kizibo. Yeye Bi Kofia akakichukua kidude, akawa anamulika akisoma kwa sauti. Arobaini na moja. Dakika tano. Arobaini na moja. Kiganja alikuwa akisoma midomo yake toka maegesho.

Hapo Pembe, uso umemshuka, akasema kwamba ili arobaini yaenee, lile la mwisho alilisukuma mpaka likabusu ukuta. Na upande wa pili wa ukuta ule, kila mtu wa matengenezo anajua, linapita bomba la mvuke kutoka kwenye boila, na koti la bomba lilikuwa limechanika tangu wiki iliyopita likisubiri fundi. Pipa lilikuwa limeegeshwa kwenye pasi. Boila ikazimwa. Arobaini. Thelathini na nane. Thelathini na sita. Likateremka taratibu, likarudi usingizini lisijue hata lilivyowatoa watu jasho.

Basi ikawa sherehe. Walimzunguka, wakampiga mgongoni, Pembe akawa anamwita mwokozi wake mbele za watu. Meneja yule wa simu akasema hadharani kwamba cheti cha pili lazima. Kiganja alikuwa na tabasamu tayari mdomoni, maana tabasamu za namna hiyo huwa zinatangulia.

Bi Kofia alikaa mezani ghalani kujaza ripoti. Pembe alikuwa kasimama mlangoni.

"Ulilijuaje, mzee? Kwa kiganja?" Bi Kofia aliuliza, kalamu mkononi.

Swali lilikuwa limelainishwa vizuri. Kulimeza kulihitaji neno moja tu: ndiyo. Kiganja akaangalia fomu, akamwangalia Pembe, akatoa mikono yote miwili mfukoni, akailaza juu ya meza, viganja juu.

"Hiki hakijui kitu tena, mwanangu. Miezi minne sasa kila pipa kwangu ni la moto. Hilo nililigusa saa mbili asubuhi nikapita. Andika hivyo. Saa mbili asubuhi, akapita."

Pembe aliacha kutafuna alichokuwa anatafuna. Bi Kofia akaitazama ile mistari iliyopasuka, asiiguse.

"Miezi minne, baba?"

"Minne. Sabuni zimesingiziwa bure."

Bi Kofia hakumfokea. Alimpeleka kwenye sinki akanawe kwa sabuni na maji mengi, akasimama naye dakika zote kumi na tano kama mama anayemsimamia mtoto mbishi, kisha akamwandikia barua ya daktari. Na aliporudi mezani akaandika kingine, ambacho Kiganja alikuja kukisoma baadaye: kwamba yeye afisa usalama alikiona kipimajoto ndani ya nailoni kwenye ukaguzi wa mwaka jana na hakusema kitu, kwa sababu mzee alikuwa hodari na yeye alimwonea haya. Kiganja alipoisoma sentensi ile aliirudia mara tatu. Ilimuuma kuliko mkono.

Daktari alimbandika mgongoni vibandiko vidogo vya kupimia ngozi inakataa nini, akavibandua baada ya siku mbili. Chini ya kile cha akrileti ngozi ilikuwa imeumuka kama kaimati. Ghala basi. Si kwa wiki, si kwa mwezi: basi.

Alilikabidhi kwa Pembe, ambaye kwa fedheha ya lile pipa alikuwa ameomba mafunzo mwenyewe. Kiganja hakuruhusiwa kuvuka mstari wa njano, kwa hiyo alikabidhi akiwa nje, kwa kupaza sauti. Alimwonyesha kwa kidole safu gani itoke kwanza, paleti ipi ina msumari, tundu lipi la hewa hupenda kuzibwa na ndege. Pembe alikuwa ndani na glavu mbili na miwani, anamulika na kuandika, anamulika na kuandika. Siku nzima umbali wa hatua ishirini, na usiweze kumsahihisha mtu anachoandika. Aliisimamia kazi hiyo mpaka mwisho, akisema moja tu la ziada: aache upana wa mkono kati ya pipa na ukuta, na asipime upana huo kwa mkono.

Nyumbani mkewe alipokea habari akiwa na pini mdomoni. Akazitoa moja moja.

"Umesema mwenyewe?"

"Kwa mdomo wangu."

"Basi kaa hapa unishikie hili pindo."

Akakaa. Jumapili mashemeji wakaja, wakahadithiwa. Kwenye masimulizi hayo pipa lilikuwa limefika digrii sitini na linatetemeka.

"Arobaini na moja," mkewe akasema toka barazani, mashine haijasimama.

Akaendelea na arobaini na moja. Na sehemu ya saa mbili asubuhi hakuiruka. Aliisema haraka, akipitisha macho juu ya vichwa vya watu, lakini aliisema.

Kampuni ilimpa stoo ya vipuri, upande wa mbele, karibu na chai. Chumba kidogo chenye dirisha la kuhudumia, rafu mpaka darini, na maelfu ya bolti, nati, beringi na mikanda, kila kimoja kwenye kisanduku chake. Wiki ya kwanza alinung'unika kwamba bolti ni vitu visivyo na mazungumzo. Wiki ya pili alikuwa ameshavihamisha visanduku vyote na kuvipanga upya. Wiki ya tatu mafundi walikuwa wakija dirishani hata wasipokuwa na shida, kwa sababu kulikuwa na utani, na kwa sababu mtunza vipuri alikuwa anajua kipuri chako kabla hujamaliza kukieleza. Mikono ilikuwa imefunga mistari yake yote. Alimpa kila mtu mkono, na kuukamua.

Asubuhi moja fundi wa boila alileta bolti iliyoliwa kutu, akauliza ni saizi gani. Unga wa kutu ulikuwa umejaa kwenye hesi, ile mikato yake ya kukazia, huwezi kusoma kitu. Kiganja akaishika kwa vidole viwili, akaipandisha kwenye mwanga wa dirisha, akafumba jicho moja.

"Kumi na mbili," akasema. "Hata usiku ningekwambia."

Akampa mpya, fundi akashukuru, akaenda zake. Kiganja akasubiri mpaka mgongo wake ukapotea kwenye kona. Kisha akavuta droo polepole, akatoa kalipa, kile kipimo cha kubana kitu na kusoma unene wake, akaifuta ile bolti kuukuu, akaibana katikati ya meno ya chuma, na akainama kusoma.

Kumi na mbili.

Akairudisha kalipa kwenye droo, akaiacha droo wazi kidogo, akaegemea kiti na kuanza kuimba kwa pua.